Kutu ya bolti za breki: Hatari iliyojificha katika magari ya kasi Pwani

Na Mwandishi Wetu, Malindi

MTU anayenunua gari la kasi lililokwisha kutumika hutazama rangi, husikiliza mngurumo wa injini na kuuliza limekwenda kilomita ngapi. Ni nadra kumsikia akiuliza hali ya skrubu na bolti zinazoshikilia diski za breki.

Katika mtaa wa Shella mjini Malindi, ambako gari hulala karibu na ufuo, swali hilo ndilo lingepaswa kutangulia. Gari laweza kung'aa kama jipya, ilhali vifungo vya breki zake vimeliwa na kutu mahali ambapo jicho halifiki.

Magari ya kasi yanayopendwa zaidi nchini ni ya Kijapani, hususan Subaru Impreza WRX na STI pamoja na Mitsubishi Lancer Evolution. Sifa za kampuni hizo mbili zilipaa hapa nchini kutokana na mashindano ya Safari Rally. Colin McRae alishinda mwaka 1997 akiendesha Subaru, naye Richard Burns akashinda mwaka 1998 akiwa na Mitsubishi.

Kanuni ya Kenya, iliyomo katika kiwango cha ubora KS 1515:2000, hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka minane. Kwa kuwa Lancer Evolution iliacha kutengenezwa mwaka 2016, anayeitaka leo hana budi kuinunua kutoka kwa Mkenya mwenzake. Maana yake ni kwamba gari hilo limekwisha kuishi hapa kwa miaka kadhaa, na pahali lilipoishi pana uzito mkubwa kuliko namba ya kilomita.

Kutu isiyo na neno

Diski ya breki hutengenezwa kwa chuma cha kalibu. Gari likilala usiku mmoja tu katika hewa ya bahari, asubuhi uso wa diski huwa na rangi ya chungwa. Hilo lisimtie mtu hofu, kwani pedi huifuta kutu hiyo gari linapofungwa breki mara chache za kwanza.

Kutu ya kuogopwa ni ile isiyofikiwa na pedi: iliyo kwenye vichwa vya skrubu, ndani ya meno ya bolti, na katika mpaka ambapo diski hukutana na kitovu cha gurudumu. Hapo hakuna kinachoifuta, nayo huongezeka mwaka baada ya mwaka.

Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilichoizaa. Ikizaliwa ndani ya meno ya bolti, hujaza kila upenyo na kuibana bolti kana kwamba imechomelewa. Ndiyo sababu fundi huizungusha spana, na badala ya bolti kufunguka, kichwa chake kikabaki mkononi.

Kwa nini Pwani

Mawimbi yanapopasuka hurusha hewani matone madogo mno ya maji ya chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi huyapeleka nchi kavu, nayo hutua kwenye kila chuma. Kaskazini mwa Malindi, huko Gongoni na Marereni, hewa hii hii ya bahari na jua kali ndivyo vinavyowezesha biashara ya mashamba ya chumvi.

Chumvi ya kawaida ina tabia ya kuvuta maji. Unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 75, huyeyuka yenyewe na kuwa utando wa majimaji, hata kama mvua haijanyesha. Kwa hiyo bolti ya gari lililoegeshwa Shella huweza kulowa usiku kucha wakati mwenyewe anaamini gari lake ni kavu. Joto la Pwani nalo huharakisha kazi ya kutu.

Breki zenyewe huongeza tatizo. Bolti nyingi hupakwa zinki ili zisishike kutu, lakini zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419, na diski ya gari linaloendeshwa kwa kasi na kufungwa breki kwa nguvu yaweza kupita nyuzijoto 500. Joto likija na kuondoka mara kwa mara, kinga hiyo huchakaa.

Isitoshe, gari lililotumika maeneo ya baridi nchini Japani, kama Hokkaido, au kule Uingereza, huenda lilikwisha kuonja chumvi kabla ya kupanda meli. Katika nchi hizo chumvi humwagwa barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu.

Metali mbili zinapokutana

Magari ya kasi yana udhaifu ambao magari ya kawaida hayana sana. Ili kupunguza uzito, watengenezaji huchanganya metali. Kalipa, yaani kile kibano kinachozikaza pedi kwenye diski, huwa ya alumini, lakini hufungwa kwa bolti za chuma.

Baadhi ya magari yana diski za vipande viwili. Nissan GT-R ya mwaka 2007 ni mfano mmoja: duara la nje ni chuma cha kalibu, sehemu ya katikati iitwayo kofia ni alumini, na vipande hivyo huunganishwa kwa vifungo vilivyopangwa kuzunguka kofia.

Metali mbili tofauti zikiguswa na maji ya chumvi kwa pamoja, hugeuka kuwa mfano wa betri ndogo. Umeme hafifu hupita kati yake, na metali iliyo dhaifu zaidi, ambayo hapa ni alumini, huliwa ili nyingine ipone. Dalili yake ni unga mweupe unaozunguka kichwa cha bolti.

Hata diski za kauri, ambazo Porsche ilianza kuzitumia miaka ya mwanzo ya 2000, hazijaepuka jambo hili. Kauri yenyewe haishiki kutu, lakini vifungo vinavyoiunganisha na kofia ni vya metali.

Tofautisha vifungo

Si kila kifungo kina kazi sawa, na hapa ndipo wengi hukosea. Magari mengi, yakiwemo ya Honda, yana skrubu ndogo moja au mbili usoni mwa diski. Kazi yake ni kuishikilia diski isianguke wakati gurudumu limetolewa. Gurudumu likirudishwa, zinazoibana diski ni nati za gurudumu. Skrubu hiyo ikikatika, ni usumbufu wala si msiba.

Bolti za kalipa ni jambo jingine. Zikilegea au kukatika, kalipa huweza kuhama na kugonga rimu. Vivyo hivyo vifungo vya diski ya vipande viwili. Kimoja kikikatika, mzigo wake hubebwa na vilivyosalia, ambavyo huenda navyo vimeliwa. Vikikatika vyote, pedi zitaibana diski barabara, lakini gurudumu litaendelea kuzunguka.

Kutu iliyo kati ya diski na kitovu nayo isipuuzwe. Huifanya diski ikae upande, usukani ukatetemeka gari linapofungwa breki. Ikimeguka baadaye, nati za gurudumu hupoteza mkazo wake.

Kufungua bila kuvunja

Skrubu za Kijapani zenye alama ya msalaba zina umbo tofauti kidogo na bisibisi nyingi zinazouzwa madukani. Bisibisi isiyo yake huteleza na kukila kichwa. Inafaa kutumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo yenye ncha ya kipimo cha Kijapani, baada ya kupaka mafuta ya kupenya kutu na kuyaacha yafanye kazi kwa saa kadhaa.

Diski nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye meno. Bolti zikikazwa humo kidogo kidogo kwa zamu, huisukuma diski itoke kwenye kitovu bila kuipiga nyundo, kitendo kinachoweza kuharibu beringi.

Moto utumiwe kwa tahadhari kubwa, maana huharibu mipira ya kalipa, grisi ya beringi na vihisi vya breki. Aidha, baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na zikikutana na moto hutoa gesi yenye sumu kali.

Kabla ya kutoa fedha

Ukaguzi wa gari kabla ya kusafirishwa huangalia nguvu za breki, lakini haufungui kila bolti. Kwa hiyo mnunuzi amwombe muuzaji ruhusa ya kuondoa magurudumu yote manne mbele ya fundi. Atazame vichwa vya bolti vilivyomung'unyika, unga mweupe penye alumini, na alama za tindo au kuchomelea, ambazo ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyewahi kushindwa.

Bolti ya kalipa iliyoliwa haisafishwi ikarudishwa. Hubadilishwa kwa nyingine ya daraja lile lile la ugumu. Bolti ya kawaida ya dukani haifai hata ikiingia vizuri. Ikazwe kwa spana ya kipimo, kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, na nati za gurudumu zikaguliwe tena baada ya kilomita mia moja hivi.

Kwa anayeishi Shella, maji baridi ya bomba ndiyo dawa rahisi kuliko zote. Magurudumu na breki zilizokwisha kupoa zioshwe kila wiki, kisha gari liendeshwe kidogo na kufungwa breki mara kadhaa ili zikauke. Magurudumu nayo yatolewe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama pedi hazijaisha.

Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita zipatazo 120, na njiani kuna Gede, Kilifi na Mtwapa, ambako matatu hujitokeza ghafla na watoto huvuka barabara. Dereva wa gari la kasi huko hutegemea vifungo ambavyo pengine hajapata kuviona hata siku moja.