Kilima Kilichojengwa kwa Mikono

Katika mji wa Cambridge, Uingereza, kuna kilima cha udongo kilichoota majani. Watu hupanda juu yake kuutazama mji. Mgeni atadhani ni kilima kama vilima vingine. Sivyo. Kilitengenezwa na watu mwaka 1068. Ilikuwa ngome ya vita.

Kwa nini ilijengwa?

Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandia huko Ufaransa, alivuka bahari na jeshi lake. Aliwashinda Waingereza, akawa mfalme wao. Lakini wenyeji wengi hawakumtaka. Askari wake walikuwa wachache, nao walitaka upesi mahali pa kujikinga. Kujenga ngome ya mawe huchukua miaka. Ya udongo na miti huisha mapema.

Ilijengwaje?

Ngome za namna hii zilijengwa hivi. Walichimba handaki la kuzunguka. Udongo wake waliutupa katikati na kuushindilia, ukawa kilima. Juu wakasimamisha mnara wa mbao. Chini ya kilima, upande mmoja, walitenga uwanja na kuuzungushia handaki, tuta na ukuta wa magogo. Humo walikaa askari na farasi, na humo kulikuwa na jiko na ghala. Adui akiingia uwanjani, askari walikimbilia juu mnarani.

Je, nani alichimba? Si mfalme! Mara nyingi wenyeji ndio waliolazimishwa kuchimba na kubeba udongo. Walijenga ngome ya kuwatawala wao wenyewe.

Nyumba 27

Mwaka 1086 maofisa wa mfalme waliandika mali za nchi katika kitabu kiitwacho Domesday. Kitabu kinasema kuwa huko Cambridge nyumba 27 zilibomolewa kwa ajili ya ngome. Katika mji wa Lincoln zilibomolewa 166.

Baadaye Cambridge ilijengewa ngome ya mawe. Nayo ilibomoka, na mawe yake mengine yakachukuliwa kujengea vyuo. Udongo haukuchukuliwa. Kilima kipo hadi leo.

Kilima chatuonyesha kazi iliyofanyika. Lakini hakiwezi kutuambia habari za zile nyumba 27. Hizo tunazijua kwa sababu ziliandikwa. Na wewe sasa unajua kuandika. Je, habari za kijiji chako umeziandika?