Institut ya Bogoro: Shule au Taasisi?

Msomaji wa Pwani akutapo jina «Institut» katika habari za Ituri, huenda akalifasiri «taasisi». Nchini Kongo, jina hilo aghalabu ni la shule ya sekondari, na tafsiri ile huwaficha wanafunzi. Institut ya Bogoro, kwenye njia itokayo Bunia kwenda Kasenyi, iligeuzwa kambi na wapiganaji wa UPC. Kijiji kiliposhambuliwa alfajiri ya 24 Februari 2003, wakazi walikimbilia huko shuleni. Wengine waliuawa humo humo. Mwaka 2017, katika kesi ya Germain Katanga, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai iliamuru waathirika 297 wapewe dola 250 kila mmoja (kiasi cha ishara tu), pamoja na misaada ya jumla, ikiwamo ya elimu.