Umepunguzwa kazi na unataka kuanza kuuza mtandaoni? Piga hesabu hii kwanza

Jamani, wiki hii inbox imejaa ujumbe wa aina moja: "Nimepunguzwa kazini, nasubiri hela ya NSSF nikachukue mzigo Kariakoo." Nikiuliza unasubiri shilingi ngapi, kimya. Kuna mmoja alishamwahidi muuzaji wa jumla atamlipa mwisho wa mwezi, kumbe alidhani anapewa michango yake yote kwa mkupuo.

Fao la kukosa ajira haliendi hivyo. Kama umechangia miezi 18 au zaidi, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wa mwezi, kwa miezi 6. Tuseme mshahara ulikuwa 450,000. Zidisha kwa 33.3, gawa kwa 100, unapata 149,850. Mara miezi 6 ni 899,100. Na inaingia kidogo kidogo, sio laki tisa siku moja, huku kodi ya chumba na chakula vinaisubiri mlangoni. Aliyechangia chini ya miezi 18 anapewa nusu ya michango yake. Na kama uliacha kazi mwenyewe, hii hela usiiweke kabisa kwenye hesabu.

Inayosahaulika ni kiinua mgongo. Hicho kinatoka kwa mwajiri. Sheria ya ajira ya 2004 inataka alipe angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Ni mshahara wa msingi, posho weka pembeni. Kama ulikuwa unafanya kazi siku 6 kwa wiki, mwezi una kama siku 26, kwa hiyo 450,000 gawa kwa 26 ni kama 17,300 kwa siku. Siku 7 ni kama 121,150. Ulikaa miaka 4 na miezi 8? Inahesabiwa 4, yaani kama 484,600. Ile miezi 8 imeenda, inauma lakini ndio ilivyo. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati, wala ambaye mkataba wake wa muda uliisha wenyewe.

Ukiniuliza mimi, mzigo wa kwanza uchukue kwa kiinua mgongo, maana kinakuja kwa pamoja. Ile 149,850 iache ikulishe wakati wateja bado wanauliza bei na kupotea. Na barua ya kuachishwa kazi idai sasa hivi, NSSF wataitaka.