Gazi ileile, umeme mara mbili

Mimi ni mtu wa agronomi, lakini leo naandika juu ya turbini za gazi. Juu ya nini? Juu kila mara watu wanaongea gazi ya Ziwa Kivu, wanataja megawati tu. Sisi wa shamba hatuulizi paka ukubwa wa shamba, tunauliza mavuno kwa hekta. Na gazi ni vilevile: kwa moto wote unaowasha, ni sehemu gani inageuka umeme? Ile sehemu ndiyo inaitwa ufanisi.

1. Turbini inafanya kazi namna gani?

Kuko sehemu tatu. Kompresa inavuta hewa ya inje na kuikaza. Kiisha ile hewa inaingia mu chumba cha moto, fasi gazi inaungua. Mwisho, hewa ya moto inapanuka kwa nguvu, inasukuma mapanga ya turbini, mhimili unazunguka na kuzungusha masini ya kutoa umeme.

Shida ni hii: ule mhimili ndio unazungusha na kompresa. Mu mwaka 1939, mjini Neuchâtel, Uswisi, kampuni Brown Boveri ilisimika turbini ya kwanza ya aina hii kwa kutoa umeme wa mji. Ilikuwa inachoma mafuta. Jina «gazi» linatoka kwa ile hewa ya moto. Turbini ilitoa kilowati 15,400, lakini kompresa peke yake ilikula 11,400. Zilibaki 4,000 tu kwa watu. Ufanisi ulikuwa karibu asilimia 17. Ni kama mkulima anayevuna magunia kumi na saba, halafu themanini na tatu yanaozea shambani.

2. Kuongeza moto

Hewa ikiingia mu turbini na moto mkali zaidi, kazi inayotoka ni mingi zaidi. Kule Neuchâtel moto ulikuwa karibu digrii 550. Turbini kubwa za leo zinapita 1,500. Pale hata chuma cha mapanga kingeyeyuka. Kwa hiyo mapanga yanatengenezwa na mchanganyiko wa nikeli, yanapakwa seramiki kwa inje, na ndani yako matundu fasi hewa ya kupooza inapita. Kwa njia hiyo turbini kubwa inafika karibu asilimia 40.

3. Kutumia moto unaotoka

Hapa ndipo kuko faida kubwa. Moshi unaotoka mu turbini ungali na digrii karibu 600. Ukiuacha uende hewani, umetupa mali. Ukiupitisha kwenye mtungi mkubwa wa maji, unapata mvuke, na ule mvuke unazungusha turbini ya pili bila kuongeza gazi hata kidogo. Mu mwaka 2016, kiwanda cha Bouchain, Ufaransa, kilipita asilimia 62 kwa njia hii. Na si mambo ya Ulaya tu: Kinyerezi II, Dar es Salaam, megawati 240, inafanya vilevile.

4. Mambo madogo

Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo turbini inatoa nguvu kidogo wakati wa jua kali. Fasi zingine wananyunyiza maji ili kupooza hewa inayoingia. Vumbi nayo inashika mu kompresa: lazima filtre safi na kuosha mara kwa mara. Na kwetu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi tayari, hivyo turbini ileile haiwezi kutoa megawati za Dar es Salaam.

5. Na Ziwa Kivu?

Ngambo ya Rwanda, kiwanda cha KivuWatt, megawati 26, hakitumii turbini. Kinatumia motere za pistoni, juu kwa ukubwa mdogo motere nzuri inashinda turbini ndogo kwa ufanisi. Kwa hiyo neno «turbini» peke yake lisitushangaze.

Mu Julai 2022 leta yetu ilitangaza mnada wa bloku tatu za gazi mu ziwa. Ile gazi ilijikusanya kwa miaka mingi sana, na ni mali ya nchi mbili. Kiwanda cha asilimia 30 na kiwanda cha asilimia 60 vinaweza kuchoma gazi sawasawa, lakini cha pili kinawasha nyumba mara mbili. Siku mradi utaletwa mbele ya watu, tuulize maswali matatu:

– Ufanisi ni asilimia ngapi, hapa kwetu, kwa kimo chetu?
– Moto wa moshi utatumiwa kwa nini? Hata kama hautoshi kwa mvuke wa umeme, unaweza kukausha kahawa na mahindi.
– Nani atafundishwa kutunza masini?

Mainjinia wa chama, ongezeni yenu hapa chini.