Vifo vya Chernobyl Visivyohesabika kwa Majina

Kinu cha nyuklia namba 4 cha Chernobyl, nchini Ukraini, kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, wafanyakazi wawili walikufa ndani ya saa chache, na miongoni mwa wafanyakazi na wazimamoto 134 walioshikwa na ugonjwa mkali wa mionzi, 28 walifariki katika miezi iliyofuata. Hao wanajulikana kwa majina. Saratani inayojitokeza baada ya miaka mingi haihesabiki hivyo, kwa kuwa uvimbe uliosababishwa na mionzi hauna alama ya kuutenga na uvimbe mwingine, na ndiyo maana idadi ya vifo vyake hukokotolewa tu.

Msingi wa ukokotozi huo ni manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, ambao afya yao imefuatiliwa tangu 1950, na ambao kwao ilidhihirika kwamba kadiri mtu alivyopokea mionzi mingi ndivyo hatari ya saratani ilivyoongezeka. Katika mionzi kidogo ongezeko hilo halionekani wazi, lakini wataalamu huchukulia kwamba hatari hupungua kwa uwiano uleule hadi sifuri, pasipo kiwango kilicho salama kabisa. Kwa makadirio ya vifo 5 hivi katika kila watu 100 waliopokea sivati moja, ambayo ni kizio cha kupimia athari ya mionzi mwilini, watu 100,000 wakipokea kila mmoja sehemu ya mia ya sivati, vifo 50 vitatarajiwa kuongezeka. Hata hivyo, katika nchi za Ulaya watu kama 20,000 kati ya idadi hiyo hufa kwa saratani bila ajali yoyote, na hakuna daftari la hospitali liwezalo kuwabainisha 50 ndani yao.

Linalobaki ni kuamua nani ahesabiwe, na hapo ndipo mabishano mengi huzaliwa. Mwaka 2005 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria hadi vifo 4,000 kati ya watu 600,000 walioathirika zaidi. Shirika la Afya Duniani lilipowaongeza mamilioni ya wakazi wengine wa Belarusi, Ukraini na Urusi, idadi ikafika 9,000 hivi. Na mwaka 2006 watafiti wa saratani walioihesabu Ulaya nzima hadi 2065 wakapata 16,000, huku wakikiri kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya 6,700 na 38,000. Idadi hizo hazikanushani, na anayenukuu 4,000 kana kwamba ndiyo jumla yote anawapotosha wasomaji.

Saratani ya tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ilionekana bila ukokotozi, kwa sababu ni adimu kwa watoto: kufikia 2005 wagonjwa zaidi ya 6,000 walikuwa wamegunduliwa miongoni mwa waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali, wengi wao wakiwa wamekunywa maziwa yenye aidini ya mionzi. Nusu ya aidini hiyo hutoweka kila baada ya siku 8, kwa hiyo kuzuia maziwa hayo katika wiki chache za mwanzo kungewaepusha wengi wao.