Askari Anaporudi Darasani

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi hulificha: askari aliyestaafu na kwenda kusoma chuoni, huku vita bado haijamtoka moyoni.

Mama mmoja wa hapa Wazo alitueleza habari za mumewe, aliyekwenda kulinda amani Kongo. Baada ya kustaafu alianza kusomea uhasibu. Mwanzoni alijitahidi. Kisha akawa anakesha na kufoka kwa jambo dogo. Siku moja baruti ilipolipuliwa kwenye machimbo ya mlimani, alijitupa chini ya meza mbele ya watoto. Akasema chuoni haendi tena. Majirani wakadai amerogwa. Hakurogwa.

KWA NINI HUTOKEA?

Askari hufunzwa kukaa macho wakati wote, maana kule uzembe huleta kifo. Ilipovamiwa kambi ya Semuliki, mashariki ya Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu zaidi ya kumi walipoteza maisha. Aliyeshuhudia mambo ya namna hiyo hurudi nyumbani, lakini mwili wake huendelea kukaa lindoni. Wazee wetu wa Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wanalijua hili, ingawa wengi hawakuwahi kulisema.

DALILI

(a) Ndoto za kutisha, au kuona tena yaliyotokea.
(b) Kukwepa watu, mahali au mazungumzo yanayomkumbusha.
(c) Kushtuka upesi, hasira na kukosa usingizi.
(d) Kujilaumu, na kutofurahia tena alivyovipenda.

Dalili hizi zikipita mwezi mmoja na kumzuia kuishi kama kawaida, huo ni ugonjwa, nao unatibika.

Chuoni kuna mizigo mingine. Jeshini siku hupangwa kwa amri. Chuoni kila mtu hujipangia. Anakaa na vijana wa umri wa wanawe, naye huona haya kuuliza. Wengine masikio yameharibiwa na milio ya silaha, hawamsikii mwalimu vizuri, wakadhani hawana akili ya kusoma.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Msikilizeni bila kumlazimisha kusimulia. Msimwulize aliua wangapi.
2. Msimwamshe kwa kumshika ghafla. Mwiteni jina kwa mbali.
3. Mpangieni saa ya kusoma na ya kulala, na mahali penye utulivu.
4. Pombe isiwe dawa ya usingizi. Humlaza upesi, kisha humwamsha usiku na kuzidisha ndoto mbaya. Wala msimnunulie vidonge vya usingizi bila daktari.
5. Apimwe masikio, naye akae viti vya mbele, awe anaona mlango.
6. Azungumze na mshauri wa wanafunzi kabla ya kuacha masomo. Ikibidi, ahamie masomo ya mbali, kama yale ya Chuo Kikuu Huria.
7. Mpelekeni hospitali. Mwananyamala watamwona na kumwelekeza, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu kwa wiki kadhaa. Baadhi hupewa na dawa.

Akitaja kujiua, msimwache peke yake hata kidogo. Ondoeni sumu, dawa na silaha, mkamfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Sala na Kitubio vina nguvu yake, wala havizuii matibabu. Tumkumbuke Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Alikuwa askari, akavunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Alipofikia miaka 33 hivi aliketi Barcelona pamoja na watoto kujifunza Kilatini, na baadaye akasoma hadi Paris. Hakuona aibu.

Yule baba sasa anatibiwa, na amerudi darasani. Mkewe humsindikiza hadi kituo cha daladala kila asubuhi. Je, katika jumuiya yako ndogo ndogo yuko nani anayehitaji kusindikizwa?