Mgongo Imekukazia? Cheki Kama Mkanda wa Stima Utakusaidia ama Unachoma Doo Tu

Kama unaendesha nduthi siku mzima, unabeba mawe kwa mjengo ama umekalia kiti cha ofisi toka asubuhi, unajua vile mgongo wa chini unaweza kukunyorosha. Kwa simu nako hakukosi tangazo la mkanda wa stima: vaa, washa, eti misuli inajijenga ukicheki mpira. Kabla utume doo, soma hii.

Mashine ni mbili, usichanganye

Ya kwanza ni TENS. Hii hutuma stima kidogo kwa neva ndio ubongo usiskie uchungu sana. Unaskia tu kama unatekenywa, lakini msuli haujengeki. Uingereza, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo mwaka wa 2016 ikisema wagonjwa wa mgongo wa chini wasipewe TENS.

Ya pili ni EMS. Hii stima yake huamrisha neva ya msuli, msuli unajikunja, unaachilia, unajikunja tena. Hiyo ndiyo inaweza kuongeza nguvu. Watu wa fiziotherapi huitumia kuamsha msuli wa paja baada ya oparesheni ya goti.

Mbona mgongo ni ngumu?

Msuli unaoshikilia uti wa mgongo, multifidasi, uko ndani kabisa, umekumbatia mifupa. Kwa wengi wenye maumivu ya muda mrefu, huo msuli husinyaa na mafuta kuingia. Stima ya juu ya ngozi inapita kwanza kwa mafuta na misuli ya nje, so kuufikia ni kazi.

Ndio maana kuna kifaa kinaitwa ReActiv8, ambacho Marekani iliidhinisha mwaka wa 2020. Daktari anakipandikiza ndani ya mwili, nyaya zake zinakaa karibu na neva ya huo msuli. Mgonjwa anakiwasha mara mbili kwa siku, dakika 30 kila mara. Ni cha wale dawa na fiziotherapi zimekataa, si cha kila msee.

Usijaribu kama...

Una kifaa cha kuendesha moyo, una mimba, una kifafa ama ngozi imechubuka. Na usiwahi weka hizo pedi kifuani ama mbele ya shingo.

Ya bure inafanya

Lala chali, kunja magoti, inua makalio, hesabu hadi tano, shuka. Rudia mara kumi. Kisha piga magoti na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, halafu badilisha. Kama mashine unayo tayari, ichukue kama msaidizi. Mazoezi ndiyo yanapiga job.

Lakini mguu ukilegea, ukiskia ganzi katikati ya mapaja ama mkojo ukikataa kutoka au kushikika, hiyo si ya mkanda wala mazoezi. Enda hosi siku hiyo hiyo.